Vidonge vya Watoto Watatu

Jumanne, Machi 4

Mvua imeanza leo asubuhi, na Mama amefumua mikono ya mashati yote niliyoshona jana. Hakugomba. Alijivutia kikapu, akachukua wembe, akawa anakata uzi mmoja mmoja huku anaimba. Mimi nikashika tama. Umri wangu huu, mvi zimeshaanza kuchungulia, bado nafumuliwa kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

"Mtoto atakayevaa hili," akasema, "akiinua mkono kujibu swali, shati lote litampanda mpaka kitovuni. Unataka achekwe?"

Nikasema sitaki.

"Basi chukua wembe, tusaidiane."

Tumepewa sare za shule nzima, na shule inafunguliwa Mei. Mama anakata, mimi nashona. Chumba hiki cha mbele kimekuwa hivyo tangu Baba afariki: meza ya Mama dirishani, cherehani yangu karibu na mlango, meza ya pasi katikati, na vitambaa kila mahali pengine hadi kitandani kwangu. Mwaka jana tulibishana wiki nzima nani aliharibu marinda ya darasa la nne. Mwaka huu ninaandika kila kitu, ili nikisingiziwa niwe na ushahidi.

Alhamisi, Machi 6

Mvua. Mashati. Magoti ya Mama.

Jumapili, Machi 9

Dada amekuja. Dada akija, marashi yake hutangulia kuingia, kisha maagizo, kisha yeye mwenyewe. Ana saluni ng'ambo ya pili ya mji, na wateja wake hawaishi kumwuzia vitu. Leo kaja na kopo jeupe la vidonge, kubwa kama kopo la rangi.

"Mama, magoti hayo ni mifupa imeishiwa. Hivi ni vya akina mama waliovuka sitini. Viwili kila siku baada ya chakula. Mke wa mwenye duka la jirani yangu alikuwa anatembea na fimbo, sasa anapanda ngazi!"

Mama akalipokea kopo kwa mikono miwili, akalipangusa na khanga kama kombe la ushindi, akaliweka kabatini jikoni. "Ahsante mwanangu. Nilikuwa nahitaji sana."

Hakuwa anahitaji. Juzi tu aliniambia magoti yanamlalamikia mvua, ikikatika yatanyamaza. Lakini Mama hakatai kitu kilicholetwa na mtoto wake. Zamani hakuwa hivyo. Ilikuwa harusi ya binamu yetu, Kaka na Dada kila mmoja akamletea shali, Mama akavaa ya Dada kwa kuwa ililingana na gauni. Kaka alinuna. Dada akamcheka. Maneno yakatoka, na hao wawili hawakusemeshana mpaka binamu akapata mtoto wa pili. Tangu hapo Mama huvaa shali zote mbili. Hata jua liwake, utamkuta msibani au harusini kajitanda moja juu ya nyingine, jasho linamtiririka, anatabasamu.

Na mimi nimo. Mwaka jana nilimshonea gauni la bluu. Kola imepinda. Naiona mimi, anaiona yeye, hata fundi wa saa wa mtaani aliwahi kuniuliza kama ndiyo mtindo mpya. Mama, ambaye akiona uzi mmoja umeruka kwenye kazi ya mteja haoni usingizi, analivaa gauni hilo kila Jumapili na hajasema neno.

Jumatano, Machi 12

Dereva wa lori ameleta kifurushi kutoka kwa Kaka. Kaka ni fundi wa mitambo ya barabara, anaishi kambini, huko ambako lami haijafika. Simu yake ikishika mtandao tunashangilia. Mama amekwenda nacho moja kwa moja chumbani kwake.

"Kaka kaleta nini?"

"Salamu."

"Salamu zinafungwa na gundi siku hizi?"

Akanitazama kwa jicho lile la kufunga mazungumzo. Nikarudi kwenye vifungo.

Ijumaa, Machi 14

Nimenunua vidonge vyangu. Ni vile vinavyotiwa kwenye glasi ya maji vikachemka na kutoa povu, vina ladha ya chungwa. Kwenye boksi pamechorwa mfupa unaocheka. Sikutaka niwe mtoto pekee ambaye hakuleta kitu, hasa mimi niliye naye hapa kutwa. Mama amekunywa, akajilamba, akasema ni vitamu kuliko soda. Nimefurahi mpaka nikajishtukia.

Jumatatu, Machi 17

Kijiko kidogo cha chai kimepotea, kile cha mpini wa kahawia. Nimepindua jikoni yote. Mama anasema labda kimeamua kuhama. Sketi za darasa la kwanza zimekwisha.

Jumamosi, Machi 22

Magoti bado. Mama amewaambia wote kwa simu kwamba "yanaendelea vizuri sana." Kila mmoja ameambiwa ni kwa sababu ya alichokileta yeye. Nilimsikia kwa masikio yangu, simu moja baada ya nyingine. Na alipokata simu ya pili akanigeukia, "Na ile yako ya povu ndiyo inanipa usingizi." Nilicheka sana. Huyu mama angekuwa mwanasiasa tungehama nyumba hii zamani.

Jumatano, Machi 26

Mama anakunywa maji kama aliyekula samaki wa chumvi. Jagi la mezani linajazwa na kuisha, linajazwa na kuisha. Na kila maji yanapoingia yanataka kutoka, na choo chetu kiko uani, na mvua haikatiki. Mwavuli umekaa mlangoni kama askari wa zamu. Nimemtania kwamba leo ametembea uani zaidi ya alivyokata. Hakucheka. Amesema mdomo wake ni mkavu kama pamba.

Jumapili, Machi 30

Amesukuma sahani. Nilipika anachokipenda, nikaongeza ndimu. Amesema chakula kinanuka chuma.

Alhamisi, Aprili 3

Tumbo limemfunga siku kadhaa sasa, na anatapika. Nimempigia Dada. Dada hakupoteza dakika: "Ni udhaifu huo. Mwili umeishiwa. Mwambie sasa anywe mara mbili, asubuhi na jioni." Alikuwa anakausha nywele za mtu, mashine inavuma, ananipigia kelele juu yake. Mimi na Dada huwa hatukubaliani hata juu ya saa ngapi ni adhuhuri, lakini leo nilikubali haraka, kwa sababu nilitaka kuwe na jambo la kufanya.

Na mimi nimemwongezea glasi ya pili ya povu. Anavimeza vyote bila kulalamika. Kisha anakaa mbele ya dirisha, anatazama maji yanavyoteremka kwenye kioo, mkasi mapajani.

Jumanne, Aprili 8

Sijui niandike vipi.

Leo Mama alikuwa akate mashati ya darasa la sita. Kitambaa cheupe, tabaka juu ya tabaka, kazi anayoweza kuifanya huku anamsimulia mtu habari za mtaa. Mafundi wengine huchora kwa chaki pande zote kwanza. Mama huweka alama chache tu, hapa bega, hapa kwapa, kisha anauingiza mkasi na hauinui mpaka amemaliza. Toka nikiwa mtoto ule mlio wa mkasi wake kwenye meza ndio ulikuwa unaniambia kwamba nyumba iko salama.

Nilipochukua vipande kuunga, kipande cha mbele cha kushoto kilikuwa sawa. Nikatafuta cha kulia. Nikapekua. Vyote vilikuwa vya kushoto. Tabaka zote, kushoto, kushoto, kushoto. Na mikono vivyo hivyo.

Ningeweza kunyamaza na kununua kitambaa kingine. Lakini nilikuwa nimechoka, na nikasema kwa ile sauti yake mwenyewe, "Huyu mtoto atakayevaa hili ana mikono miwili ya kushoto?"

Nilidhani atacheka. Akavichukua vipande, akavigeuza, akaviweka kimoja juu ya kingine. Akavigeuza tena. Nikaona kwamba haoni kosa liko wapi. Mama yangu alikuwa ameshika kitambaa na hajui upande. Kisha akaona, nadhani aliona kutoka usoni mwangu.

"Nimezeeka," akasema.

"Hapana, Mama. Ni mvua hii. Mwanga mbaya."

"Usinidanganye, mwanangu. Nimezeeka."

Aliuweka mkasi kwenye ala yake, akaufunga kifungo. Mchana kweupe. Nimemjua miaka yangu yote na sijawahi kuona mkasi ule ukifungwa kabla ya jua kuzama.

Jumatano, Aprili 9

Nimekata mwenyewe. Nimeharibu.

Jumapili, Aprili 13

Kikao cha familia. Kaka amepata ruhusa, kafika na tope la barabarani mpaka kwenye nyusi. Mwili wake unaujaza mlango. Alipomwona Mama jinsi alivyokonda, akainama kufungua kamba za viatu, na akakaa ameinama hivyo kwa muda mrefu kuliko kamba zinavyohitaji.

Tumekaa jikoni, Mama amelala chumbani. Dada kasema amesoma, dalili zote ni za kusahau kwa uzee, kwamba inaanza hivyo hivyo. Kaka kasema basi karakana ya kushona ifungwe, Mama aende kwake. Atapanga nyumba mjini, atatafuta mtu wa kumtunza. Dada akasema, "Kwako wapi? Kambini? Umlaze kwenye tingatinga?" Kaka akasema afadhali tingatinga kuliko kunuka dawa za nywele. Wakapandishana. Mimi nilikuwa nakuna sufuria ambalo lilishatakata.

"Na wewe unasemaje?" wakaniuliza pamoja.

Nikasema Mama akiondolewa mkasi atakufa. Nikasema pia kwamba mimi sijui kukata. Nilikusudia kusema moja tu.

Hatukuelewana. Kaka, kabla ya kuondoka, aliingia chumbani kwa Mama na kufunga mlango. Alikuwa kaleta kifurushi kingine.

Jumatano, Aprili 16

Mama ameniuliza kama Baba ameshakula. Nikamwambia ameshakula, ameshiba.

Jumamosi, Aprili 19

Niko hospitali. Naandika kwenye benchi, nyuma ya karatasi za vipimo vya nguo nilizozikuta mkobani.

Jana asubuhi nilikuwa napiga pasi. Mama alikuwa kwenye kiti chake, kichwa kimeegemea dirisha. Nikamwambia, Mama, maji yako haya. Kimya. Nikadhani amesinzia, amekuwa akisinzia sana siku hizi. Nikamaliza kola moja, nikamwita tena. Nikamshika bega. Macho yake yalifunguka, yakanipita, yakafunga. Akatapika juu ya gauni la bluu, alilokuwa amelivaa akidhani ni Jumapili.

Nilimbeba. Sijui nilimbebaje, mimi ninayehema nikibeba gora la kitambaa. Fundi wa saa akaacha saa zake wazi mezani, akatafuta gari, akasukuma watu. Nilikuwa peku. Niliigundua miguu yangu kwenye sakafu ya hospitali.

Daktari ni mwanamke mwembamba, anaongea taratibu kama anayepima kitambaa cha gharama. Akauliza, "Kuna dawa yoyote anatumia?"

"Hakuna."

Dada akafika, rola za nywele za mteja bado ziko mfukoni. Akaulizwa. "Mama yetu? Hata kichwa kikimuuma hataki dawa." Tukampigia Kaka, simu kwenye spika, upepo unavuma huko aliko. "Hapana Daktari, Mama ni mzima, hana dawa yoyote." Watoto watatu, jibu moja, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka tulikubaliana bila kugombana.

Wamemtoa damu. Wamemtundikia maji. Dada kavua shali yake, kanifunika miguu. Nimekaa na huyu mwanamke saa nyingi leo na hajanipa agizo hata moja. Anamchana Mama nywele kwa vidole, polepole, anazipanga nyuma ya sikio. Kumbe ndivyo anavyozishika nywele za watu kutwa nzima. Sikuwahi kukaa kumtazama.

Jumapili, Aprili 20

Majibu ya damu. Daktari alituita pembeni. Kaka amefika alfajiri, kaendesha bila kupumzika.

"Damu yake ina kalsiamu nyingi mno," akasema. "Madini yale ya mifupa, na ya chaki. Yakizidi kwenye damu, mtu anapata kiu isiyoisha, anakojoa sana, tumbo linagoma, chakula hakipiti. Akili inachanganyikiwa. Figo zinaumia. Sasa nauliza tena. Sitaki dawa. Nataka kila anachokimeza. Hata mnachokiita chakula. Hata mnachokiita zawadi. Nendeni nyumbani mkaniletee."

Tulikwenda wote watatu kwa gari la Kaka. Dada akaingia jikoni, mimi nikaenda kwenye cherehani yangu, Kaka akaenda chumbani. Kila mmoja alijua pa kwenda. Tukakutana kwenye meza ya Mama na tukaviweka: makopo meupe ya Dada, maboksi yangu ya mfupa unaocheka, na chupa ndogo za Kaka zenye mafuta ndani, maandishi ya lugha ya ugenini, kifuniko cha kudondosha matone.

Dada akasema, "Hiki ni nini?"

Kaka akasema, "Na hili lako ni nini?"

Mimi nilikuwa natazama kitu kingine. Kando ya chupa, Kaka alikuwa amekileta pamoja nazo kwa kuwa kilikuwa hapo hapo mezani chumbani kwa Mama, kilikuwepo kijiko kidogo cha chai cha mpini wa kahawia.

Daktari alivipanga vyote kwenye dirisha la ofisi yake, akasoma mgongo wa kila kimoja, hakufanya haraka. Kopo la Dada lina kalsiamu na vitamini D. Vidonge vyangu vina kalsiamu na vitamini D. Chupa ya Kaka ni vitamini D tupu, kali sana. Majina tofauti, rangi tofauti, ladha tofauti, lakini vilivyomo ni vile vile.

"Hii ni tone moja kwa siku," akasema. "Tone. Alikuwa anakunywaje?"

Nikakitoa kijiko.

Alikitazama kijiko kwa muda. "Kila siku?"

"Mama akipewa kitu na mtoto," Dada akasema, "haruki siku."

Daktari akatueleza kwamba vitamini nyingine zikizidi hutoka na mkojo, lakini hii hujificha kwenye mafuta ya mwili na hukaa. Ndiyo inayouambia mwili unyonye kalsiamu, na sisi tulikuwa tunaimimina hiyo kalsiamu kutoka pande mbili. Kwa hiyo hata tukiacha leo, itachukua wiki kadhaa kupungua. Figo zimeumia, hajui bado kiasi gani. Hakutugombeza. Nilitamani atugombeze.

Jumatatu, Aprili 21

Nataka kuandika jambo hili vizuri, maana nisipoliandika nitasema niliota.

Kaka alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje, mvua inamnyeshea magoti. Nilikuwa nimemfuata na chai. Dada akanipita, akasimama mbele yake. Mimi nikajisemea, haya sasa. Tangu siku ya shali huyu amekuwa akingoja Kaka akosee kosa moja kubwa, na limekuja lenyewe, na daktari ni shahidi.

"Nilimwambia kidogo kidogo," Kaka akasema bila kuinua kichwa. "Sikusema tone. Mtandao ulikuwa unakatika. Nikasema, Mama, kidogo kidogo tu. Na nikamwambia asiwaonyeshe nyinyi. Nilitaka..." Akapangusa magoti yaliyolowa. "Huko kambini mtu hana cha kumfanyia mama yake. Chupa ile ilikuwa ndiyo mimi."

Dada akakaa. Kwenye ngazi iliyolowa, na sketi ile ya gharama.

"Mimi nilimwambia aongeze," akasema. "Alipoanza kutapika, mimi nilisema mara mbili. Wewe hukuwepo. Mimi nilisikia anatapika, nikasema aongeze."

Kisha akamwegemea. Yule wa marashi na yule wa tope. Nikawapa chai moja, wanywe kwa zamu. Nikarudi ndani kwa sababu mimi nikianza kulia huwa sijui kuishia.

Jumatano, Aprili 23

Mama ameamka Mama. Alitutazama mmoja mmoja, akatuita kila mtu kwa jina lake la utotoni, hakukosea hata moja. Neno la pili likawa, "Mmegombana?"

Tukasema hatujagombana.

"Nimesikia ni vile vidonge." Muuguzi alishamwambia. Akashusha sauti. "Ni vya nani vilivyoniumiza?"

Nikaelewa kwa nini anauliza. Hakuwa anatafuta wa kulaumu. Alikuwa amelala pale na sindano mkononi, figo zake hazijulikani, na anahesabu shali. Kaka akafungua mdomo. Dada akamwahi.

"Vyote, Mama. Sawa kwa sawa."

"Hata vya povu?"

"Hasa vya povu," nikasema, "vilikuwa vitamu mno."

Akacheka kidogo, akakohoa. Akashika kidole cha Dada na kidole cha Kaka, na mimi, kwa kuwa mikono ilikwisha, akanisukumia mguu wake chini ya shuka. Nikaushika.

"Basi nimekula chaki mpaka imejaa kwenye damu," akasema. "Fundi mzima."

Ijumaa, Aprili 25

Kipimo kimeshuka. Kidogo.

Jumapili, Aprili 27

Sare! Nilisahau kuna watoto watakaokwenda shule. Mkuu wa shule amekuwa mwungwana, katuongezea wiki. Dada kafunga saluni na anapiga pasi; anaunguza kila kitu cha tano. Kaka anashona vifungo. Mikono ile inayofungua injini za matrekta imeshika sindano, ulimi nje, kifungo kimoja dakika kumi, lakini kifungo hicho hata trekta haliking'oi. Mimi ninakata. Nachora kwa chaki pande zote, sijifanyi Mama. Jioni nampelekea kipande kimoja hospitalini, anakipitisha kidole ukingoni, anasema "bega," au "kwapa," narudi kurekebisha.

Ijumaa, Mei 2

Mama yuko nyumbani. Masharti: maji mengi, maziwa kwa sasa basi, kukaa juani marufuku mpaka daktari aseme, kupimwa damu kila wiki, na hakuna kinachoingia mdomoni kwake bila daktari kukiona, hata kama kina picha ya mfupa unaocheka. Figo hazitarudi kabisa zilivyokuwa, daktari anasema, lakini zinafanya kazi na zitafuatiliwa. Nimeyaandika haya kwa mwandiko mkubwa ili nisijidanganye baadaye.

Ijumaa, Mei 9

Sare zimekwenda. Mikono ya kulia na ya kushoto, nimeihakiki yote.

Jumanne, Mei 13

Mvua inakaribia kuisha, inanyesha kama inayoaga. Mama ameufungua mkasi. Amekata mfuko mmoja wa shati, akachoka, akaufunga. Mlio ule nimeusikia nikiwa jikoni, na nimesimama na mwiko hewani mpaka ukanyamaza.

Jumapili, Mei 18

Jua. Wamekuja wote. Kulikuwa na baridi kidogo ya asubuhi, na Mama alitoka chumbani amejitanda shali moja. Moja tu, ya Kaka. Nikamwangalia Dada. Kaka naye akamwangalia Dada. Nadhani hata jagi lilimwangalia Dada.

"Imekukaa vizuri, Mama," Dada akasema. "Ile yangu inakutoa jasho bure."

"Siku zote," Mama akasema.

Na Dada alikuwa amemletea viatu, vya kisigino kifupi, vizuri. Mama akavijaribu, akatembea hatua chache mpaka mlangoni, akarudi, akavivua. "Vinanibana. Rudisha." Kisha Dada akaangua kicheko mpaka akajishika ubavu, na machozi yanamtoka, akavirudisha kwenye boksi.

Walipoondoka niliketi kwenye cherehani yangu kufuta mafuta. Mama akaja na kitu mkononi, akakiweka mapajani mwangu. Ni gauni la bluu. Lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi, lile la siku ya hospitali. Nikadhani anataka nilitunze.

Akaweka kidole kwenye kola.

"Hii imepinda," akasema. "Tangu siku ya kwanza imepinda. Nimelivaa mwaka mzima shingo inaniuma."

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Nasema sasa." Akanipa wembe. "Fumua."

Akavuta kiti chake karibu, akakaa, magoti yake yakigusa yangu. Nikaanza kukata uzi mmoja mmoja, sioni vizuri kwa machozi, na yeye akawa ananionyesha kwa kidole, hapa, na hapa, usiharakishe.